Saa tisa usiku kwenye theluji ya Montana: nilivyojifunza kuchagua hema la mawindo

Tone la kwanza liliniangukia kwenye kope, la pili likaingia shingoni. Nilidhani ni mvua. Nikawasha tochi ya kichwani, nikaona upande wa ndani wa hema umejaa matone yaliyojipanga kama shanga, na kila upepo ulipotikisa kitambaa yalitudondokea. Nje hapakuwa na mvua. Palikuwa na theluji kavu, nyota tupu, na baridi ya nyuzi 14 chini ya sifuri. Ilikuwa saa tisa usiku, mwezi wa Novemba, kwenye bonde la mto Blackfoot, mashariki ya mji wa Missoula, jimbo la Montana. Maji yale tuliyatengeneza wenyewe, kwa pumzi zetu na kwa hita ya gesi tuliyoiwasha tangu jioni.

Shemeji yangu akauliza gizani, "Shemeji, umelala?"

"Sijalala."

"Basi tuwashe gari."

Tulikaa garini mpaka kulipopambazuka, tukakunja hema lililoloa likaanza kuganda mikononi mwetu kama bati, tukarudi nyumbani. Kibali changu cha kuwinda elki, mnyama wa jamii ya ayala, kilibaki mfukoni. Siku nne za likizo nilizoomba kazini zikaishia usiku mmoja.

Nianze na sisi ni nani. Mimi nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini. Tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1997 nikiwa na miaka sita, tukapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma. Nimekulia pale, nimesoma pale, na mke nimempata pale. Mwaka 2017 tukapangiwa Missoula, mji ambao hata jina lake hatukuwahi kulisikia. Shemeji, ambaye ni kaka wa mke wangu, alitufuata baadaye.

Watu wa kwetu wananiuliza Mkongo anafuata nini porini kwenye theluji. Ninafuata nyama. Huku kuna huyo mnyama elki, na dume lake lililokomaa hupita kilo 300. Mmoja tu akiingia kwenye friza, familia yetu ya watu saba inakaa miezi mingi bila kununua nyama ya ng'ombe. Kibali cha mkazi wa jimbo ni bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaimudu. Aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1985 lazima kwanza amalize kozi ya usalama wa mawindo, na sisi wote wawili tuliimaliza. Kuna sababu nyingine pia ambayo ni ngumu kuieleza: kambini hatukuruhusiwa kwenda tutakako. Kuingia msituni asubuhi nikiwa na kibali chenye jina langu, bila mtu wa kuniuliza natoka wapi, ni jambo ambalo bado linanigusa.

Shida ni kalenda. Msimu wa bunduki unachukua wiki tano, kuanzia mwishoni mwa Oktoba mpaka Jumapili inayofuata Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, mwishoni mwa Novemba. Wiki ya kwanza milima ina rangi ya dhahabu kwa sababu ya miti ya lachi, ambayo ingawa ni jamii ya misonobari hupukutisha majani yake. Wiki ya mwisho ni theluji. Na elki wanashuka chini pale theluji inapozidi huko juu, kwa hiyo siku nzuri za kuwinda ndizo siku mbaya za kulala. Tulifundishwa bunduki, mipaka ya mashamba ya watu, na nguo za rangi ya chungwa ambazo ni lazima zionekane juu ya kiuno. Namna ya kulala tulijifunza wenyewe, usiku mmoja baada ya mwingine.

Mama alipotuona tunapakia hema kwa mara ya kwanza alisimama mlangoni akatutazama muda mrefu.

"Baba," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "tumekaa kwenye turubai, Mungu akatutoa. Wewe unarudi kwenye turubai kwa hiari yako?"

Sikuwa na jibu la maana. Nilimwambia tu kwamba tutarudi na nyama. Lakini swali lake lilikuwa na elimu ndani yake, na sikuisikia. Mtoto aliyekulia chini ya turubai la plastiki anajua kwamba plastiki inatoa jasho. Kabla baba hajamaliza kufyatua matofali ya udongo na kuezeka nyasi, tulilala chini ya plastiki nyeupe, na asubuhi za masika mama alikuwa anapangusa dari kwa kitambaa ndipo atuamshe, tusije tukalowa. Jambo hilo nililijua tangu utotoni, nikalisahau mbele ya rafu za duka.

Kule dukani nilichagua hema kwa picha iliyokuwa kwenye boksi: mlima, theluji, mtu anacheka. Lilikuwa la nailoni, jepesi, la watu wanne, bei nafuu. Nikaongeza hita ndogo ya gesi inayofungwa kwenye mitungi ya kijani, ile ya nusu kilo. Niliwaza kama mtu anayeogopa baridi: nikipata moto nimemaliza. Sikuwaza kabisa moto ule unatoa nini zaidi ya joto.

Gesi ya propani ikiungua inatengeneza maji. Nilikuja kufanya hesabu baadaye, mezani nyumbani, kwa kemia niliyofundishwa sekondari palepale kambini. Kilo moja ya propani inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, kwa sababu haidrojeni iliyo ndani ya gesi inachukua oksijeni ya hewa na kuwa maji. Mtungi mmoja wa nusu kilo ni kama robo tatu ya lita. Sisi tulichoma miwili kabla ya saa tisa usiku. Ni kama tulichukua chupa kubwa ya maji, tukaichemsha ndani ya hema lililofungwa, kisha tukashangaa kwa nini tunalowa. Ongeza pumzi za wanaume wawili, ongeza soksi na suruali zilizojaa theluji tulizotundika juu zikauke. Mvuke wote huo ulipanda, ukagusa nailoni iliyopozwa na baridi ya nje, ukageuka matone.

Na mabegi ya kulalia yalikuwa ya manyoya ya bata. Manyoya yakiwa makavu hakuna kinachoyashinda kwa joto na wepesi. Yakilowa yanashikana mabonge kama ugali uliopoa, na ndani ya begi unabaki na vitambaa viwili vyembamba na wewe.

Hilo ni la maji. La pili, ambalo lilinitesa zaidi ingawa sikulitambua usiku ule, ni ardhi. Tulilala juu ya magodoro makubwa ya kupuliza, yale ya kumlazia mgeni sebuleni. Ndani yake ni hewa tupu, hakuna kitu cha kuizuia isizunguke, na hewa inayozunguka inachukua joto la mgongo wako na kulipeleka kwenye udongo ulioganda. Begi la kulalia halisaidii upande huo, maana ukilala unaligandamiza na manyoya yaliyo chini yako yanakuwa bapa. Unaweza kuwa na begi la bei mbaya na bado ukatetemeka kuanzia kiunoni kwenda juu. Nilikuwa nasikia baridi na kuongeza moto wa hita, kumbe baridi inatoka chini, na moto ule unazidisha maji juu.

Siku hizi naangalia namba moja kwenye kila godoro la safari kabla sijatazama kingine: namba ya R, inayopima jinsi godoro linavyozuia joto lisipite. Viwanda vingi sasa vinaipima kwa njia moja, kwa hiyo unaweza kulinganisha godoro na godoro. Ya kiangazi ni moja au mbili. Kwa kulala juu ya theluji natafuta tano au zaidi. Na namba hizo zinajumlishika. Mkeka wa povu gumu wenye R ya mbili ukiuweka chini ya godoro lenye R ya nne unapata sita, na mkeka ule wa povu ni rahisi, hautoboki, na mchana unaukalia juu ya gogo. Mtu akiniuliza aanze kununua nini kwa pesa kidogo, namwambia aanze na cha kutandika chini. Hema aazime.

Kuna la tatu, na hapa sitaki mtu asome haraka. Kule kwetu, kwenye nyanda za baridi za Kivu na za kusini mwa Tanzania, watu wamekufa kwa kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Gesi inayoua ni kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, nayo inamkuta mtu usingizini. Hita ya gesi ndani ya hema lililofungwa inaweza kufanya kazi hiyohiyo. Hema likikosa hewa, moto unakosa oksijeni, na moto unaokosa oksijeni ndio unaotoa sumu hiyo. Usiku ule kichwa kilikuwa kinaniuma, nikasema ni uchovu. Sijui kama ulikuwa uchovu. Shemeji aliposema tuwashe gari tukatoka kwenye hewa safi, na mpaka leo nalishukuru tone lile lililoniangukia kwenye kope.

Na garini nako tulikosea njia. Msimu uliofuata tuliamua kulala nyuma ya pikapu ya shemeji, iliyofunikwa kwa paa la chuma. Mantiki yetu ilikuwa kwamba gari halivuji. Ni kweli halivuji, lakini bati linapoa kuliko kitambaa, na pumzi yetu iligandia darini ikawa jalidi nyeupe, na jua lilipopiga asubuhi jalidi yote ikatuangukia. Urefu nao: mimi ni mrefu, nililala nimejikunja usiku mbili, na mtu aliyelala amejikunja hapandi mlima saa kumi na moja alfajiri akiwa na bunduki na mzigo. Anayetaka kulala garini aache madirisha wazi kidogo, atandike povu juu ya chuma, na asiwashe injini akalala. Theluji ikiziba bomba la moshi, sumu ni ileile.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja ninayefanya naye kazi, mzaliwa wa hukuhuku, ameshawinda zaidi ya miaka arobaini. Alisikia tukisimuliana jikoni pa kazini. Hakutucheka. Aliuliza swali moja tu: "Mlikuwa mnalala wapi?" Si elki tuliwaona wapi, wala bunduki yetu ni ya aina gani. Nikamweleza. Akasema wiki ile anakwenda na ana nafasi ya watu wawili.

Hema lake ni turubai la pamba, zito, la kuta zilizosimama wima kama nyumba, futi 12 kwa 14, yaani kama mita tatu na nusu kwa nne na kitu. Fremu ni ya mabomba ya chuma. Kwenye kona kuna jiko la kuni la chuma chembamba, na bomba lake la moshi linatoka kupitia tundu lililoshonewa kitambaa kisichoshika moto. Mwisho wa bomba kuna wavu wa kuzuia cheche zisitue juu ya paa. Nilipoingia jioni ile nilivua glavu, kisha koti, kisha nikakaa na fulana. Nje ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Juu yetu soksi zimetundikwa kwenye kamba, na zilikauka kweli. Niliinua mkono nikagusa paa kwa ndani. Kavu.

Nilimuuliza kwa nini. Alinieleza akichochea kuni, na maelezo yake nimeyathibitisha kwa usiku mwingi tangu pale. Pamba inapumua. Mvuke unapita katikati ya nyuzi ukatoka nje, wakati nailoni iliyopakwa dawa ya kuzuia maji inauzuia ndani. Halafu jiko la kuni nalo linachoma kitu chenye maji, lakini maji yake na moshi wake wote vinapanda bombani vikaondoka. Lenyewe linavuta hewa ya hema na kuitupa nje, hewa mpya kavu inaingia kwa chini. Kwa hiyo jiko lenye bomba linapasha na kukausha kwa pamoja, na hita isiyo na bomba inapasha huku inalowesha. Ningeambiwa hilo kabla ya kuingia dukani, ningeokoa misimu miwili.

Pamoja na hayo mzee alikuwa na kengele ndogo ya betri inayolia kaboni monoksidi ikizidi, imening'inia usawa wa kichwa cha aliyelala. Na tundu la hewa karibu na kilele halifungwi hata kukiwa na baridi ya namna gani. Nilimuona akimkatalia shemeji aliyetaka kulifunga.

"Mzee, si joto linatoka?" shemeji aliuliza.

"Linatoka," akajibu. "Liache litoke."

Usingizi wa usiku ule siwezi kuusahau. Kuni za lachi kavu iliyokufa ikiwa imesimama, ambazo watu wa magharibi ya Montana wanazipenda kuliko zote, ziliungua taratibu. Ukijaza magogo manene na kubana mlango wa hewa, moto unadumu jikoni kwa muda wa saa nne hivi. Baada ya hapo ndani kunapoa kama nje, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba jiko ni la jioni na la alfajiri, kwa kukaushia nguo na kuvaa bila kutetemeka. Katikati ya usiku unalindwa na begi lako na kile ulichotandika chini. Mzee aliamka mara moja saa nane kuongeza kuni, kwa sababu yetu sisi wageni. Akiwa peke yake, alisema, huwa haamki.

Mwaka uliofuata tulinunua letu. Lilikuwa limetumika, dola 600 pamoja na jiko, tukachanga mimi na shemeji. Kabla ya kulipa tulilisimamisha uani kwa muuzaji, tukaingia ndani mchana na kufunga mlango ili tuone kama kuna mwanga unaopenya kwenye matundu. Tulinusa pembe zake, maana ukungu wa turubai unajulikana kwa harufu kabla haujaonekana kwa macho, na turubai lililoliwa na ukungu linachanika kama karatasi. Tuliuliza kama limewekwa dawa ya kupunguza kushika moto. Tuliangalia kitambaa kinachozunguka bomba. Naandika haya yote kwa sababu mtu akinunua la mkononi bila kulisimamisha anaweza kununua shida ya mtu mwingine.

Si hema la kila mtu. Lina uzito wa kilo 30 hivi, na mabomba yake karibu kilo hizohizo tena. Linataka gari mpaka pale utakapolala, linataka saa nzima ya kulisimamisha mkiwa wawili mnaojua, na linataka msumeno, shoka, na kazi ya kuni kila jioni hata kama umechoka. Kwa anayetembea kwa mguu kwenda mbali na barabara lipo hema la umbo la koni, la nailoni nyembamba, lenye nguzo moja katikati na jiko dogo la kuni linalokunjwa. Niliazima moja mara tatu. Ni jepesi ajabu, lakini kuni zake ni vijiti na moto unakwisha ndani ya saa moja hivi, na asubuhi dari lina jalidi. Ukiwa mgumu na begi lako ni zuri, linatosha. Mimi nina magoti ya mtu anayesimama juu ya zege kwa muda wa saa kumi kazini, nahitaji kukauka.

Trela za kulala sitasema mengi. Wanaozimudu wanalala vizuri, ila maji ya mabomba yanaganda na betri inachoka kuendesha feni ya hita, na barabara za msituni zenye theluji haziwapendi.

Mahali pa kusimamisha hema pametufundisha sawa na hema lenyewe. Zamani tulitafuta bonde, kando ya kijito, kwa sababu kwetu mtu analala karibu na maji. Hewa baridi ni nzito, usiku inateremka milimani kama maji yasiyoonekana na kujaa mabondeni. Wakazi wa Missoula wanalijua hilo kila majira ya baridi, hewa baridi ikiwa imekaa juu ya mji siku nyingi wakati juu ya milima kuna jua. Sasa tunapanda kidogo, hatua mia moja au mbili juu ya kijito, kwenye tambarare ya ubavuni. Tofauti unaisikia masikioni unapopanda. Barabara ya bonde la Blackfoot ukiifuata mpaka kwenye mgongo wa milima unafika Rogers Pass, ambapo tarehe 20 Januari 1954 kipima joto kilisoma nyuzi karibu 57 chini ya sifuri. Katika majimbo 48 ya Marekani yanayopakana, hakuna baridi iliyopimwa kuizidi hiyo. Nikipita pale huwa napunguza mwendo kwa heshima.

Kabla ya kupigilia kigingi cha kwanza tunatazama juu. Misitu hii ina miti mingi iliyokufa kwa wadudu, imesimama mikavu, na upepo wa usiku au uzito wa theluji unaiangusha. Tumewahi kuacha sehemu nzuri kabisa, tambarare, yenye kuni, kwa sababu ya msonobari mmoja mfu uliokuwa umeinamia pale. Shemeji alilalamika kwa kuwa tulikuwa tumeshashusha vitu. Tukapakia tena.

Halafu dubu. Mwezi wa Novemba wengine bado hawajalala, na bonde la Blackfoot lina dubu wakubwa aina ya grizzly. Kanuni za msitu zinataka chakula na nyama vihifadhiwe dubu asipovifikia, na mimi nazifuata hata nikiwa nimechoka kufa. Kwenye hema la kulala hakuingii hata biskuti. Watu wenye hema kubwa la joto hupata kishawishi cha kupikia humo na kulala humo. Sisi tunapika chini ya turubai jingine, mbali kidogo, na nyama inatundikwa mbali zaidi.

Kuhusu mabegi ya kulalia nina jambo moja tu. Namba kubwa iliyochapwa nje mara nyingi si joto la kulala kwa raha, ni joto ambalo mtu anavumilia akiwa amejikunja. Tafuta kwenye lebo ya ndani namba ya raha, ile iliyo juu zaidi, halafu ongeza tahadhari. Shemeji amehamia begi la nyuzi za kiwandani, zito kweli, lakini likipata unyevu bado linashika joto. Mimi nimebaki na manyoya kwa sababu hema letu sasa ni kavu. Wote wawili tunachemsha maji usiku, tunayajaza kwenye chupa ngumu, tunaifunika soksi ya sufu na kuiweka miguuni. Alfajiri maji hayo bado ni vuguvugu, na ndiyo ya chai.

Novemba iliyopita tulimpata elki jike siku ya tatu, mchana, kwenye mteremko uliokuwa umepigwa na jua. Kazi ya kumchuna na kumshusha kwa vipande ilitumaliza mpaka giza likaingia, na theluji ikaanza. Ilinyesha usiku kucha. Mara mbili nilitoka na ufagio kuisukuma ishuke kutoka paani, maana turubai likibeba theluji nyingi fremu inapinda. Mara ya pili nilisimama nje kidogo. Hema lilikuwa linang'aa kwa taa ya ndani, rangi ya asali, moshi unapanda wima, na shemeji anakoroma. Nikamkumbuka mama na kitambaa chake.

Tuliporudi nililianika hema gereji, maana ukilikunja likiwa na unyevu utalikuta limekufa kwa ukungu. Nilifunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta na kuliacha siku nne. Watoto wakaligeuza nyumba. Jioni ya pili nilimkuta mama ameketi ndani yake kwenye kiti cha kukunja, wajukuu wamemzunguka, anawasimulia Nyarugusu. Mkono wake ulikuwa juu, unapapasa turubai.

"Hili halitoi jasho," akasema.

"Ni pamba, mama."

Akalipapasa tena, akaendelea na hadithi yake.